Mvinyo Mwekundu wa Bonde Jembamba

Mwaka 1852 mkulima wa zabibu aitwaye Georg Kreuzberg alikuwa na shamba lililomkaidi. Lilikuwa karibu na mji ambao leo unaitwa Bad Neuenahr, magharibi mwa Ujerumani, na mizabibu yake ilinyauka bila sababu ya kuonekana kwa macho. Alipochimba kutafuta kiini cha balaa hilo, alikuta gesi ya kaboni ikipenya kutoka ardhini na kuikaba mizizi, na chini zaidi akakuta chemchemi ya maji yenye mapovu. Kreuzberg akaachana na zabibu mahali pale, akayapa maji jina la Mtakatifu Apollinaris, na katika miaka iliyofuata chupa za Apollinaris zikaenea kwenye meza za Uingereza na kwingineko. Wagonjwa nao wakaanza kumiminika mjini kuoga na kunywa maji ya tiba. Mmoja wao, kiangazi cha mwaka 1877, alikuwa Karl Marx, aliyekuja kwa ajili ya ini lililokuwa likimsumbua.

Maji yakachukua sifa yote, mvinyo ukabaki nyuma. Hata leo, itaje Ujerumani popote Afrika Mashariki na mtu atakujibu bia. Aliyezunguka kidogo atakutajia Riesling, mvinyo mweupe wa kingo za Rhine na Mosel. Mwekundu haumo kwenye hesabu. Lakini bonde la mto Ahr, ambamo Kreuzberg alichimba kisima chake, ni nchi ya mvinyo mwekundu tangu juu hadi chini, na ule ulio bora kuliko yote ya huko, Spätburgunder, unakaa meza moja na mivinyo ya Burgundy ya Ufaransa bila kuona haya.

Kwa msikilizaji wa redio wa Kiswahili, mahali hapa ni jirani ya jina analolifahamu. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza matangazo yake Cologne mwaka 1963, na tangu mwaka 2003 makao yake yako Bonn. Anayetoka Bonn kwenda Ahr huufuata mto Rhine kuelekea kusini hadi Remagen, mwendo wa treni usiofika nusu saa, kisha hukunja kulia na kuingia bondeni. Mto Ahr wenyewe huanza kwa namna ya kuchekesha: chemchemi yake imo ndani ya chumba cha chini cha nyumba moja ya kale katika mji wa Blankenheim, juu kwenye milima ya Eifel. Kutoka chini ya nyumba hiyo unateremka kilomita 85 hivi mpaka Rhine, na ni katika kilomita 25 za mwisho tu ndipo mizabibu inapoanza kuonekana.

Eneo lote la mizabibu ni kama hekta 530, sehemu isiyofika asilimia moja ya mashamba ya zabibu ya Ujerumani. Udogo huo ndio unaofanya chupa za Ahr zisionekane nje ya nchi: wenyeji na majirani wa Bonn, Cologne na Düsseldorf huzimaliza wenyewe. Ajabu yake ni rangi. Wakati theluthi mbili ya mizabibu ya Ujerumani ni ya mvinyo mweupe, hapa takribani mizabibu minne katika kila mitano ni ya mwekundu. Na hapa ni kaskazini, zaidi ya nyuzi 50 juu ya ikweta, mahali ambapo kwa hesabu ya kawaida zabibu nyekundu hazina haki ya kuiva.

Zinaivaje, basi? Jibu liko kwenye miteremko ya juu, kuanzia kijiji cha Walporzheim kwenda Altenahr. Huko vilima vimesimama kiasi kwamba mgeni hujiuliza ni nani aliyepata wazo la kulima pale. Udongo ni kiduchu. Kinachoonekana ni vipande vya sleti nyeusi na mwamba mgumu wa kijivu ambao Wajerumani huuita Grauwacke, vikiwa vimepangwa kuwa kuta za mawe makavu zisizo na saruji, ukuta juu ya ukuta, na nyuma ya kila ukuta mistari michache ya mizabibu. Mchana mawe hayo hunywa jua. Usiku hubaki na joto kama mafiga yaliyoondolewa moto, na mashada yanayoning'inia karibu nayo hulala penye uvuguvugu wakati hewa ya juu imekwisha kupoa. Wembamba wa bonde huzuia upepo usilipeperushe joto hilo. Upande wa magharibi milima ya Eifel hukinga sehemu ya mvua za Atlantiki, na kutoka kaskazini huingia hewa ya wastani ya tambarare ya Cologne.

Mkulima wa Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na jua ni tele kuliko linavyotakiwa, angecheka. Mwenzake wa Ahr anavuna mara moja, vuli, na kila saa ya jua anaihesabu. Lakini taabu hiyo ina malipo. Zabibu inayoiva polepole, mchana kwenye joto na usiku kwenye ubaridi, hupata utamu bila kupoteza ukali wake mwembamba, ule uchachu unaofanya mate yatoke. Mvinyo usio na ukali huo hulala mdomoni.

Kuanzia Ahrweiler kwenda chini, bonde hupanuka na mambo hubadilika. Mawe hupungua, na mahali pake panachukuliwa na udongo wa lesi, vumbi laini lililoletwa na upepo enzi za barafu. Mivinyo ya huko ni mipana zaidi, laini, yenye matunda mengi, na hunyweka mapema. Ya juu huwa na ladha ya cheri chachu, moshi mwembamba na kitu ambacho wanywaji huita jiwe lililolowa mvua. Wapo wanaosema jiwe halina ladha na kwamba habari hizo ni mapambo ya wauzaji. Kikemia wana hoja, kwa kuwa mizizi hainyonyi sleti na kuipeleka kwenye tunda. Ila mimi nikiwekewa glasi mbili, ya juu na ya chini, nitachagua ya juu, na maelezo ya kikemia yatasubiri.

Zabibu inayobeba kazi hii yote ndiyo Spätburgunder yenyewe, ile Wafaransa wanaiita Pinot Noir. Watawa na watawala waliieneza kutoka Burgundy kuelekea mashariki karne nyingi zilizopita, na leo Ujerumani ni ya tatu duniani kwa ukubwa wa mashamba yake, nyuma ya Ufaransa na Marekani, jambo ambalo huwashangaza hata watu wa fani. Baden, kusini, ndiko kwenye mashamba mengi zaidi, na Assmannshausen kwenye ukingo wa Rhine ina jina la kale la mvinyo mwekundu. Kwenye Ahr imechukua karibu theluthi mbili ya ardhi yote ya mizabibu.

Ni zabibu ya kusumbua. Mashada yake yamebanana, kwa hiyo mvua ikinyesha wakati wa kuiva, uozo huingia katikati na kusambaa kabla mtu hajauona. Ganda lake ni jembamba, na rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, si kwenye maji ya tunda. Ndiyo maana Spätburgunder halisi haiwi nyeusi. Mshike mtu aliyezoea mivinyo mizito ya Afrika Kusini, mmiminie, na neno lake la kwanza litakuwa kwamba umechanganywa na maji. Mwambie anuse kwanza. Zabibu hii imeweka mali yake kwenye harufu, na harufu haihitaji weusi.

Kwa muda mrefu lakini, wenye kulalamika walikuwa na haki. Mvinyo mwekundu wa Ahr uliouzwa miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa mwepesi, uliopauka, na mara nyingi wenye sukari. Reli ilikuwa imefika Ahrweiler mwaka 1880, na tangu hapo bonde lilikuwa uwanja wa mapumziko wa wafanyakazi wa viwanda vya Rhine na Ruhr. Vilabu vya kwaya na vya michezo vilikuja kwa treni na mabasi Jumamosi, vikanywa, vikaimba, vikarudi. Kuna utani wa zamani huko kwamba aliyekwenda Ahr akakumbuka kuwa alikwenda, huyo hakufika. Mnywaji wa namna hiyo haulizi mvinyo umekaa pipani miezi mingapi, na mkulima mwenye soko la uhakika hana sababu ya kujitesa. Alipanda miche inayozaa sana, akavuna mapema kabla ya mvua, akaongeza utamu.

Mageuzi yalikuja miaka ya 1980, na yaliletwa na watu wachache. Anayetajwa zaidi ni Werner Näkel wa kijiji cha Dernau, mwalimu wa hisabati kwa taaluma, aliyerudi kwenye kiwanda cha familia, Meyer-Näkel, na kuamua kwamba kama zabibu ni ya Burgundy basi na kazi iwe ya Burgundy. Alipunguza mashada kwenye kila mzabibu, akasubiri ziive, akaacha maganda yachachuke pamoja na maji kwa siku nyingi, akauweka mvinyo kwenye mapipa madogo ya mwaloni, na akautoa mkavu bila sukari. Majirani kadhaa walikuwa na mawazo kama hayo. Nyumba ya Jean Stodden, katika kijiji cha Rech, ni mojawapo. Wengine walidhani ni wendawazimu wa kupoteza wateja. Kilichofuata ni kwamba wateja wengine walikuja, wenye kuuliza maswali zaidi na wenye mifuko mirefu zaidi.

Mkono wa hali ya hewa nao haufichiki. Kiangazi cha bondeni kimekuwa kikali zaidi kuliko cha miaka ya mababu, na shida ya leo katika baadhi ya miaka ni zabibu kuiva haraka mno. Ukiwasikia wakulima wakizungumzia kivuli, mahali ambapo babu zao walipandisha mawe mgongoni kutafuta jua, unaelewa ni kiasi gani dunia imegeuka ndani ya kizazi kimoja.

Mgongo ndio neno. Kwenye matuta ya Ahr hakuna trekta. Kukata matawi, kufunga na kuvuna hufanywa kwa mkono, na kuna mahali mizigo hupandishwa kwa kireli kimoja kilichopachikwa mlimani. Ukuta ukibomoka, fundi huujenga upya jiwe kwa jiwe. Anayeshangaa kwa nini chupa ya Walporzheim ni ghali kuliko ya tambarare za kusini angetumwa kubeba kreti moja tu ya zabibu.

Umasikini wa kazi hii ulizaa jambo lingine ambalo msomaji aliyekulia kwenye kahawa au pamba atalitambua haraka. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara waliokuja kununua zabibu walijipangia bei, na familia nyingi za bondeni zilishindwa, zikahamia Amerika. Desemba 1868, wakulima 18 wa kijiji cha Mayschoß waliunda chama cha ushirika ili wakamue, wahifadhi na kuuza kwa pamoja. Ushirika huo, leo wa Mayschoß-Altenahr, ungali hai na hutajwa kuwa wa kale kuliko wote wa aina yake duniani. Siyo makumbusho: unatengeneza mivinyo mizuri, kwa bei ambayo mtu wa kawaida huifikia, na kwa anayetaka kuionja Ahr mara ya kwanza ningemwelekeza hapo kabla ya kumpeleka kwa majina makubwa.

Chini ya mizabibu ya upande wa Ahrweiler na Marienthal kuna kitu kingine ambacho wanywaji wa Jumamosi hawakukijua. Wakati Bonn ilipokuwa makao makuu ya Ujerumani Magharibi, serikali ilichimba humo handaki la kujificha wakati wa vita vya nyuklia, kwa kutumia mahandaki ya reli iliyoanzwa kujengwa zamani na haikukamilika. Ujenzi ulianza mwaka 1960 ukamalizika mwaka 1972. Njia zake zilifika kilomita 17, na nafasi ilikuwepo kwa watu kama 3,000, wote wa serikali. Vita havikuja, handaki likafungwa, na tangu mwaka 2008 kipande chake kidogo ni makumbusho. Juu yake, miaka yote hiyo, watu walikuwa wanavuna.

Balaa lililofika halikutoka mbinguni kwa ndege za kivita. Lilitoka mtoni.

Mawe yanayotunza joto hayatunzi maji. Mteremko mkali unaoipa zabibu jua ndio unaoyapa maji kasi, na wembamba unaozuia upepo unayanyima maji pa kutawanyika. Wenyeji walikuwa na kumbukumbu ya hilo kwenye maandishi: gharika ya mwaka 1804 iliua watu 63, na ile ya mwaka 1910 ikaua makumi ya watu, wengi wao vibarua wa ujenzi wa reli. Lakini kumbukumbu za karne zilizopita hazimwamshi mtu kitandani. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021, baada ya mvua kubwa kunyesha juu ya ardhi iliyokwisha kulowa, mto ambao kwa kawaida mtoto huuvuka akiwa amekunja suruali ulipanda kupita kipimo. Rekodi ya awali ya kina chake pale Altenahr, ya mwaka 2016, ilikuwa mita 3.71. Safari hii kifaa cha kupimia chenyewe kilisombwa, na makadirio ya baadaye yalikuwa karibu mita 10. Katika bonde lote walikufa watu zaidi ya 130, wakiwemo wakazi 12 wa nyumba ya watu wenye ulemavu huko Sinzig, ambako mto unakaribia kumwaga maji Rhine. Madaraja yalikwenda, reli ikakatwa vipande.

Mashamba mengi yalisalimika kwa kuwa yako juu, kasoro yale ya chini kando ya mto. Viwanda vya mvinyo viko vijijini, na vijiji viko chini. Mapipa yalielea barabarani. Dada wawili wa nyumba ya Meyer-Näkel, Meike na Dörte, waliorithi kazi ya baba yao Werner, walisombwa walipokuwa wakijaribu kuokoa ghala lao, wakanusurika kwa kushikilia mti usiku ule. Kulipokucha, mavuno yalikuwa miezi miwili mbele, na karibu kila aliyekuwa na mashine ya kukamulia alikuwa ameipoteza. Wakulima wa mabonde mengine ya Ujerumani, ambao siku za kawaida ni washindani, walikuja na matrekta, pampu na mapipa ya kuazima, wakavuna pamoja nao.

Chupa zilizofukuliwa kutoka kwenye tope zilikuwa nyingi, nyingi zikiwa nzima kwa sababu vizibo vilishika. Zikaoshwa? Hapana. Wenyeji waliziuza kama zilivyo, na tope lake, kuwa mchango wa kuujenga upya ukanda ule. Wakaziita mvinyo wa mafuriko. Kampeni hiyo ilikusanya zaidi ya euro milioni 4.

Haya, mezani. Wakulima wa Ahr hawali chakula cha kifahari, na mvinyo wao umekua pamoja na sufuria nzito za Eifel na Rhine. Cha kwanza ni Sauerbraten, nyama ya ng'ombe inayolowekwa siku kadhaa katika siki, mvinyo, kitunguu na viungo, kisha ikapikwa polepole mpaka iachane yenyewe. Watu wa Rhine huongeza zabibu kavu kwenye mchuzi, hivyo uchachu na utamu vinakutana, na pembeni huwekwa kabichi nyekundu iliyopikwa na tofaa pamoja na madonge ya viazi. Mvinyo mzito wenye kukausha ulimi ungegombana na siki hiyo. Spätburgunder, yenye uchachu wake, inaelewana nayo.

Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, wenye uwezo huoka bata bukini. Wasiokuwa nao walizoea kutengeneza Döppekooche: viazi vibichi vilivyokunwa, vikachanganywa na yai, kitunguu, kungumanga na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, vikaokwa kwenye chungu kizito mpaka juu pakawa ganda la kahawia. Nikipewa kuchagua, naacha bata. Mafuta ya viazi vile na ganda lake linalovunjika yanadai kitu chachu na chepesi cha kuyakata, na glasi ya mvinyo wa kawaida wa ushirika inatosha; chupa ya gharama kubwa hapo ni kujionyesha.

Chupa ya gharama kubwa ingojee nyama ya porini. Misitu ya Eifel ina nguruwe mwitu na paa, na vuli ndiyo msimu wa mawindo, sawasawa na msimu wa uyoga. Spätburgunder iliyokaa miaka mitano au minane hupoteza ile cheri ya ujana na kuanza kunukia majani makavu, ngozi, udongo wa msituni na uyoga wenyewe. Ukiiweka pembeni ya mgongo wa paa uliopikwa na uyoga, chakula na kinywaji vinazungumza lugha moja. Hapa ndipo fedha inapojibu.

Samaki je? Ile kanuni ya samaki na mvinyo mweupe ina msingi: mvinyo mwekundu wenye tanini na madini ya chuma ukikutana na mafuta ya samaki huacha mdomoni ladha ya sarafu. Lakini Spätburgunder ina tanini chache, kwa hiyo samaki wenye nyama nene wanaivumilia vizuri. Jodari aliyepitishwa motoni, katikati akabaki mwekundu, ni mfano mzuri. Dagaa wa kukaanga, hapana.

Na meza ya kwetu? Adui mkubwa ni pilipili, maana huifanya pombe iunguze na kuiua harufu, na harufu ndiyo iliyolipiwa. Biriani yenye moto, mishikaki iliyopakwa pilipili, kachumbari ya kutoa machozi: vyote hivyo tafuta kinywaji kingine. Pilau ni jambo tofauti. Mdalasini, iliki na hasa karafuu vinaelewana na mvinyo uliokaa pipani, na sababu yake inapimika maabara: mti wa mwaloni uliobabuliwa kwa moto hutoa eujenoli, kemikali ileile inayoifanya karafuu ya Pemba inukie karafuu. Pilau ya bata, pilipili ikiwekwa mbali, ingenitosha kumwalika mtu wa Dernau bila kuomba radhi. Mbuzi wa kuchoma naye anakubali, kwa chumvi na ndimu kidogo.

Joto la glasi linaharibu chupa nyingi kuliko kosa la chakula. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya kabla ya hita. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kina nyuzi 30, na Spätburgunder kwenye nyuzi 30 ni pombe na jamu. Iweke kwenye friji mpaka ifikie nyuzi 15 au 16, na tumia glasi pana.

Kwenye lebo, angalia neno trocken, maana yake mkavu, usio na utamu wa kubaki. Alama ya tai aliyebeba shada la zabibu kwenye kifuniko ni ya VDP, umoja wa viwanda teule ulioanzishwa mwaka 1910, na herufi GG zinaonyesha mvinyo mkavu kutoka mashamba yao ya daraja la juu. Bei nayo itaonyesha. Ukikuta Frühburgunder, usiipite. Ni ndugu mdogo wa Spätburgunder aliyezaliwa kwa mabadiliko ya asili, huiva wiki mbili hivi mapema, huzaa kidogo, na nusura aachwe kabisa katika miaka ya 1960 kwa sababu ya uchache wa mavuno yake. Mvinyo wake ni laini, wa matunda meusi. Ahr ni mojawapo ya sehemu chache ambazo bado zinamlea. Kwa wasiogusa kilevi, wakulima wengi huuza pia maji ya zabibu nyekundu, na hayo hayana uhusiano na yale ya pakiti.

Mvinyo mmoja tu wa bonde hauwezi kufika kwako kwa njia yoyote. Vuli, kwenye ile njia ya miguu ya kilomita 35 inayokatiza mizabibu kutoka Altenahr hadi Bad Bodendorf, wenyeji huuza Federweißer, mvinyo mchanga ambao bado hamira inaufanyia kazi, wenye ukungu na mapovu, unaonywewa pamoja na mkate wa vitunguu uliotoka motoni. Chupa yake haizibwi barabara, kwa kuwa gesi ingeipasua. Hubebwa ikiwa wima, mkononi, na baada ya siku chache huwa kitu kingine kabisa.